Mche Uliovaa Lebo ya Hoho

Mahali pa mche palibaki duara la udongo mbichi tu, na Inspekta Tryphena wa polisi Voi alikuwa akilitazama kwa mara ya tatu asubuhi hiyo.

Mche ulioibwa ulikuwa wa pilipili kali, wa pekee katika kitalu cha Geoffrey. Pilipili zake zikisagwa, zikachanganywa na oili chafu na kupakwa kwenye kamba za ua wa shamba, ndovu hugeuza njia. Mshukiwa alikuwa Mable, mfanyakazi aliyeonekana akiondoka mapema na kikapu kikubwa. Alikuwa seli tangu jana, mtoto wake anayenyonya amebaki kwa jirani. Saa nane angefikishwa kortini.

Tryphena hakuridhika. Mche wa kimo cha kiuno hauingii kikapuni.

"Basi haujatoka humu," alijiambia, akaanza kupita mstari kwa mstari.

Donald, msimamizi wa kitalu, alimfuata nyuma.

"Afande, hapo ni hoho tupu. Unapoteza wakati."

"Wakati ni wangu."

Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Jua lilimchoma kisogo, naye hakuacha. Alikulia kwenye mashamba ya mboga ya Wundanyi, na hoho alizijua hata kabla hazijazaa. Ua la hoho hukaa peke yake. Nyuma ya tangi la maji alikuta mche uliopunguzwa matawi, maua yake yakitoka mawili mawili, matatu matatu, kwenye kifundo kimoja. Lebo yake ilisema hoho.

Akapekua majani. Kulikuwa na tunda moja la kijani, dogo kama harage. Akalichuma.

"Hii ni nini, Donald?"

"Hoho."

"Hoho haiwashi. Itafune."

Donald hakuinua mkono.

"Itafune. Ukimaliza nitakuomba msamaha."

Msimamizi aliketi juu ya ndoo.

"Ni mimi. Nilibadilisha lebo juzi jioni. Jumamosi mamangu angekuja kuununua kama hoho."

"Kwa nini?"

"Kwetu ni Makwasinyi. Mwezi wa tatu ndovu walimuua kaka yangu akilinda mahindi. Nilimwomba Geoffrey mbegu, akasema zote amemwahidi tajiri mmoja."

"Na Mable alikukosea nini? Ulimwona akitiwa pingu ukanyamaza."



"Majirani kule hulinda kwa zamu, wawili wawili. Usiku ule mwenzake kaka yangu alikuwa mume wa Mable. Hakuja. Kaka yangu alikufa peke yake."

Tryphena alimhurumia, na huruma hiyo ikamkasirisha. Alimfunga pingu mwenyewe.

Saa saba unusu Mable alitolewa seli, blauzi imelowa maziwa kifuani. Tryphena akamweleza yote mbele ya Donald, bila kupunguza neno.

Mable alivaa viatu vyake polepole.

"Usiku ule mume wangu alinibeba mgongoni hadi barabarani," alimwambia Donald. "Nilikuwa najifungua. Aliporudi, kakako alikuwa ameshakufa. Mpaka leo hali chakula vizuri."

Mable alifunga kamba ya kiatu cha pili.

"Tangu nirudi kazini tunakula sahani moja, Donald, na hukuwahi kuniuliza."

Akatia sahihi kwenye kitabu cha kituo, akaenda kumnyonyesha mtoto.