Mkimbiaji wa Mwisho Kufika Butiama

Kila alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, Pelagia alikuwa ameshafunga kamba za raba zake. Alivaa suruali ya kubana, juu yake akajifunga kanga, kisha akafungua mlango taratibu asiwaamshe watoto. Lakini Recho, binti yake wa darasa la sita, alikuwa macho. Alisikiliza hatua za mama yake zikishuka njia ya mtaa wao wa Kamunyonge kuelekea ziwani, pu, pu, pu, na sauti za majirani zikimfuata.

"Mama Recho! Leo unafukuzwa na nani?"

"Na presha, baba!" Pelagia alijibu bila kusimama.

Watu walicheka. Recho alivuta shuka akajifunika uso.

Pelagia alikuwa mwanamke mnene, muuza dagaa. Mwaka juzi alianguka sokoni, na nesi akamwambia apunguze chumvi na atembee kila siku. Alianza kwa kutembea, baadaye akakimbia kidogo, mwisho akajiunga na kikundi cha mazoezi cha mtaani. Presha ikashuka. Recho alilijua hilo, na alimshukuru Mungu. Kilichomkera ni kwamba mama yake alirudi kumekucha kabisa, jasho likimtiririka, wakati wanafunzi wakielekea shuleni. Ndiyo maana Recho alikuwa na njia yake mwenyewe, ndefu, ya nyuma ya nyumba za watu, ili wasikutane.

Jioni moja, wakichambua dagaa, Pelagia alisema, "Jumamosi nakimbia mpaka Butiama."

Recho aliacha kuchambua. "Zile mbio ndefu? Kilomita arobaini na mbili?"

"Hizo hizo. Daktari amenipima, amesema niende polepole."

"Si ukimbie zile fupi, mama? Wenzako wa kikundi wanakimbiaga hizo."

"Fupi nimeshakimbia. Sasa nataka nijue, nikiambiwa mbali, nitafika?"

Recho hakusema kwamba Jumamosi hiyo darasa lao lilipangiwa kugawa maji Makutano, njia panda ya kuingilia Butiama. Usiku alipiga magoti kama kawaida, lakini sala yake haikuwa nzuri. Aliomba mama yake achoke mapema, arudi nyumbani kabla ya kufika pale.

Siku ya mbio, walipanga meza kando ya lami, ndoo za maji chini yake. Mwalimu Euphrasia aliwaambia, "Kila anayepita mpeni maji na neno. Mtu amechoka, asiondoke na maji matupu."

Basi watoto wakagawa maji na maneno. "Pole, baba!" "Jikaze, kaka!" "Pole, mama, karibu maji!" Wakimbiaji wepesi walipita kama wanaowahi chakula. Wakaja wa katikati, wakaja wa kuchechemea. Lilipita gari la kuokota waliochoka, na Recho akalichungulia dirishani. Mama yake hakuwemo. Jua likawa kali, barabara ikabaki tupu, na moyo wake ukaanza kutulia. Labda amesharudi nyumbani, alijiambia.

"Bado mmoja," alisema Jofrey, akikinga macho kwa mkono. Kisha akapasuka kicheko. "Jamani, tazameni! Kamongo ametoka kwenye tope!"

Wote walimjua kamongo, samaki yule anayejiburuta kwa tumbo maji yakikauka. Walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Na kanga kajifunga! Anakwenda mbio au msibani?" alisema Brenda. Halafu akakaza macho. "Recho, yule si mama yako? Nimemwonaga sokoni, anauzaga dagaa."

"Si yeye," Recho alisema. Neno lilimtoka lenyewe, haraka, kama kikohozi. "Wamefanana tu."

Pelagia alikuja akiburuta mguu wa kushoto. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa maumivu, lakini alipomwona Recho amesimama na kikombe, ukafunguka wote. Akafumbua kinywa amwite.

"Pole, mama," Recho alimwahi, macho yake kwenye kikombe. "Karibu maji."

Aliyasema kwa sauti ileile aliyowapa wanawake wote waliopita asubuhi. Katika lugha yetu kila mwanamke mzima ni mama, na asiyewajua wawili hawa angesikia adabu tupu. Pelagia alisikia kitu kingine. Aliwatazama watoto waliokuwa wakibana vicheko, akamtazama binti yake, na uso wake ukazima taratibu kama taa iliyoishiwa mafuta.

"Asante, mtoto mzuri," alisema. Akanywa. Akarudisha kikombe kwa mikono miwili, kama mgeni anavyofanya. "Mnasoma shule gani?"

Recho alipokea kikombe. "Ya... ya kule mjini, mama."

"Haya. Someni kwa bidii." Pelagia akageuka, akaendelea kujiburuta kuelekea Butiama.

"Kumbe kweli si yeye," alisema Brenda. "Nisamehe, Recho, nilimfananisha."

Recho alikiweka kikombe mezani. Kama mama yake angemkaripia, angevumilia. Kama angempiga kofi mbele ya darasa zima, angevumilia pia. Lakini mama hakumkaripia. Aliuona uongo wa mwanawe, akamsaidia kuubeba, na sasa anautembeza juani pamoja na mguu wake mbovu.

Walifungasha ndoo, wakapanda gari la shule kwenda kuona zawadi zikitolewa. Wenzake waliimba. Recho alikaa na mikono katikati ya magoti. Kwenye mwinuko mmoja walimkuta Pelagia, peke yake barabarani.

Jofrey alitoa kichwa dirishani. "Kamongo bado anatambaa!"

Pelagia alilitambua gari. Hakulitazama. Aligeuza uso upande wa pili, kwenye mashamba ya mihogo, asije akaonekana kuwa anamfahamu mtu yeyote ndani yake.

Recho alisimama. "Mwalimu, naomba gari lisimame."

"Unaumwa?"

"Hapana, mwalimu. Yule ni mama yangu."

"Mama yako mdogo?" aliuliza Jofrey, bado anacheka.

"Mama yangu mzazi. Aliyenizaa. Brenda alimtambua, mimi nikamkana. Na yeye akanisaidia kudanganya."

Wimbo ulikatika. Jofrey alirudisha kichwa ndani polepole. Mwalimu Euphrasia alimgusa dereva begani. "Tushushe hapa. Tusubirini uwanjani."

Pelagia alipowaona wakija, alipunguza mwendo. "Umeshukia nini? Wenzako watakucheka."

"Nimewaambia, mama."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba mimi ni mtoto wako."

Pelagia alijiburuta, Recho akamfuata kando, mwalimu nyuma yao hatua chache. Walikwenda hivyo mpaka nyumba za kwanza za Butiama zikaonekana.

"Nisamehe," alisema Recho.

"Mguu huu unaniuma tangu pale Bweri, hata mjini hatujatoka," alisema Pelagia, akihema. "Nikasema nitauvumilia. Lakini nilipotoka pale mezani kwenu, nilitamani lile gari la waliochoka lirudi linichukue."

"Kwa nini hukukaa chini ukalisubiri?"

"Ningekaa, ningekuwaza wewe tu. Nikikimbia, angalau nina kazi."

Recho alilia kimya kimya, akikazana asibaki nyuma.

Uwanjani muziki ulikuwa umezimwa. Vijana walikuwa wakishusha maturubai na kukunja nyaya. Mstari wa chokaa ulikuwa umekanyagwa mpaka karibu kufutika, lakini Pelagia aliutafuta kwa macho, akauvuka. "Nimefika," alisema, bila kumwambia mtu. Msimamizi mmoja alikimbia kumvisha medali. "Samahani, mama, tulidhani wamekwisha!"

Wanafunzi walisimama mstari mmoja kando ya gari lao, vichwa chini. Brenda alianza kupiga makofi, wengine wakamfuata. Jofrey alileta chupa ya maji.

"Shikamoo, mama Recho. Nilikutania vibaya."

"Marahaba, baba. Kamongo, siyo? Miguu ndiyo iliyochoka, masikio hayakuchoka."

Jofrey alitamani ardhi ipasuke.

Recho alipiga magoti amvue mama yake raba. Soksi zilikuwa zimeshikana na damu. Alizitazama, akashindwa kuinua uso.

Mwalimu Euphrasia aliwasogeza watoto wote karibu. "Sikilizeni. Leo Recho hakutamka tusi. Alisema pole, alisema karibu, alisema mama. Maneno yote mazuri, na bado yalikuwa uongo, kwa sababu aliyatumia kumficha aliyemzaa. Adabu bila ukweli ni ganda la yai. Na ninyi wengine msijione wasafi. Mtoto mwenzenu alimkana mama yake kwa kuogopa vicheko vyenu. Anayemcheka mtu anayejitahidi anawafundisha wenzake kusema uongo. Mmenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu," walijibu kwa sauti ya chini.

Pelagia aliweka mkono juu ya kichwa cha binti yake. "Mwalimu amemaliza. Mimi naongeza moja tu. Siku nyingine ukinionea aibu, niambie nyumbani, tugombane, tuyamalize. Lakini usinifanye mgeni."

"Sitarudia, mama."

Aibu haikumtoka Recho siku ile, wala kesho yake. Lakini alimshika mama yake mkono, akamwinua, na wawili hao wakapita taratibu mbele ya darasa zima, Pelagia akimwegemea begani kwa uzito wake wote.