Mhuri wa Nne

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chapuchapu alifungua karakana ya baba yake, fundi viatu. Alifagia vipande vya ngozi sakafuni, akapanga viatu vya wateja kwenye rafu, vilivyoshonwa juu na vinavyosubiri chini, kisha akafunika vizuri kopo la gundi lisikauke. Jina la Chapuchapu alipewa na wenzake kwa sababu alifanya kila jambo mbiombio. Hata chai aliinywa ingali inatoka moshi, na kila wiki aliunguza ulimi.

Akishamaliza kazi, alimpitia rafiki yake Msumari, msichana mwembamba wa maneno machache. Zamani, njiani, walikuwa wakimkuta bibi mmoja akimbeba mjukuu wake mgongoni kumpeleka shule. Miguu ya mvulana huyo haikuwa na nguvu tangu utotoni, lakini mdomo, mh! Alibishana na kila mtu darasani mpaka wakamwita Wakili. Sasa wiki tatu zilikuwa zimepita bila kuwaona. Mgongo wa Bibi ulikuwa umegoma, na Wakili alishinda nyumbani akibishana na redio.

"Asipopata kiti cha magurudumu, masomo ndiyo basi tena," Msumari alisema siku moja.

Ndipo mwalimu wa michezo alipoleta shauri lake. "Tutatembea kilomita thelathini, wawili wawili," aliwaambia wanafunzi kumi na wawili waliojitolea. "Kila kilomita tano kuna kituo. Ukifika kwa miguu yako, kadi yako inapigwa mhuri. Majirani wameahidi kuchangia kwa kila mhuri. Mnamaliza pamoja na mwenzako hapa uwanjani, kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mkimaliza wote, Wakili anapata kiti. Mhuri mmoja ukipungua, tumetwanga maji kwenye kinu."

Jioni ya kuamkia safari, fundi viatu alichukua viatu vikuukuu vya binti yake, akavisugua kwa kipande cha sabuni kavu ndani, pale kisigino kinapokaa, visije vikamchubua.

"Hivi ndivyo vya kesho," alisema. "Kiatu kipya ni mgeni, mwanangu. Hakijaujua mguu wako."

"Sawa, Baba," Chapuchapu aliitikia. Lakini alikuwa na viatu vipya vyeupe ambavyo hakuna mtu shuleni aliyewahi kuviona. Asubuhi, baba alipoingia ndani kuchukua maji, akabadilisha upesi. Mtoto wa fundi viatu, jamani, atembee na raba zilizochakaa mbele ya watu!

Kituo cha kwanza walifika wakiimba. Cha pili, Chapuchapu aliacha kuimba. Walipofika cha tatu alikuwa akitembea kama anayekanyaga makaa. Visigino vyote viwili vilikuwa vimetoka malengelenge, na soksi zimeanza kulowa damu.

"Tupumzike kidogo," Msumari alimwambia walipokwisha kukipita kituo hicho.

Wakiwa wamekaa kando ya barabara, pikapu iliyopakia magodoro ilisimama. Dereva alikuwa mjomba wake Chapuchapu. "Mpwa wangu, mbona unachechemea hivyo? Pandeni juu ya magodoro niwasogeze mbele. Nani atajua?"

Chapuchapu alimtazama Msumari. Msumari alitikisa kichwa. "Mimi nitatembea."

"Wewe visigino vyako ni vizima! Halafu nikishindwa mimi, Wakili anakosa kiti. Napanda kwa ajili yake, si yangu!"

Msumari alisimama, akashika njia.

Ah, godoro lilivyokuwa laini! Chapuchapu alimpita rafiki yake huku amefumba macho. Mjomba alimshusha kwenye kona, karibu na kituo cha nne, naye akajikongoja mpaka kwenye meza ya muuguzi aliyekuwa akipiga mihuri. Watu waliokuwa pale walimshangilia, kwa kuwa alikuwa wa kwanza kufika.

"Hongera, binti! Na mwenzako yuko wapi?"

"Yuko nyuma. Anatembea polepole."

Uongo huo ulimtoka mdomoni mwepesi, lakini ulipomrudia moyoni ulikuwa mzito. Muuguzi alipiga mhuri, akampa maji na kivuli. Jozi nyingine zilifika na kupita. Zaidi ya saa moja baadaye Msumari alitokea peke yake, vumbi mpaka kwenye kope.

"Wewe mvivu!" muuguzi alimtania. "Mwenzako kakuacha mbali kabisa, tangu lini yuko hapa! Jifunze kwake."

Watu wakacheka. Msumari aliinamisha kichwa, akapokea bilauri ya maji, akanywa. Alikubali kuchekwa ili asimfichue rafiki yake.

Chapuchapu aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kama angenyamaza, kiti kingepatikana. Kama angesema, huenda Wakili asingerudi shule, na lawama ingekuwa yake. Machozi yalimlenga. Akainuka, akaweka kadi yake mezani.

"Dada muuguzi, futa mhuri wangu. Nimepanda gari. Mvivu si yeye, ni mimi."

Muuguzi akachukua kalamu, akaukata ule mhuri kwa mistari miwili. "Sasa unataka kufanya nini?"

"Nirudishe kituo cha tatu nianze tena."

"Saa saba hii. Zimebaki kilomita kumi na tano, na visigino hivyo?"

"Nitafika."

Muuguzi alimvua viatu, akaosha vidonda na kuvifunga bandeji, kisha akavua kandambili zake mwenyewe na kumvisha. Akawasha pikipiki. Chapuchapu alipopanda, Msumari naye akapanda nyuma yake.

"Wewe shuka," muuguzi alisema. "Mhuri wako ni halali."

"Tuliandikishwa wawili," Msumari alijibu. "Nikitangulia, nitamalizaje na mwenzangu?"

"Msumari, nisamehe," Chapuchapu alisema huku sauti inakatika.

"Kaa vizuri usije ukaanguka. Hasira zangu ninazihifadhi, nitakugombeza tukimaliza."

Wakacheka wote wawili, na pikipiki ikaondoka.

Walitembea. Kilomita tano zile zile, jua likiwa utosini, na kandambili zikipiga pa, pa, pa. Mhuri wa nne ukapigwa upya pembeni ya ule uliokatwa. Wa tano ukafuata. Chapuchapu alipochoka, Msumari alimshika mkono. Msumari naye, ambaye leo angetembea kilomita tano zaidi ya mtu mwingine yeyote, alipoanza kuyumba, Chapuchapu alimpa bega lake. Chapuchapu alimweleza pia habari ya sabuni ya baba, na Msumari akasema, "Baba yako ana subira. Mimi ningekuuza."

Saa kumi na mbili kasoro dakika saba waliingia uwanjani. Jozi zote nyingine zilikuwa zimefika na zilikuwa zikisubiri. Mwalimu wa michezo aliinua saa yake juu, akapiga kelele, "Wamefika! Mihuri yote imetimia!" Uwanja ukalipuka. Fundi viatu alikimbia kumkumbatia binti yake, naye akamweleza yote palepale, viatu, gari na uongo, bila kusaza. Baba alisikiliza, akatazama zile kandambili, akamfuta vumbi usoni.

Wiki mbili baadaye, Wakili aliingia shuleni akisukuma mwenyewe magurudumu ya kiti chake kipya. Nyuma yake alitembea Bibi, mgongo mtupu, mikono haijui iwekwe wapi. Aliwaita wale rafiki wawili, akawashika mikono.

"Miaka mitano nimembeba huyu," alisema. "Siku nyingine nilitamani kumtua katikati ya njia niseme nimefika. Lakini kusema umefika hakukufikishi. Nyinyi mlirudi mkaitembea njia, ndiyo maana mjukuu wangu leo anapita kichwa juu. Hakuna wa kumwambia kiti chake kina doa."

"Napinga," Wakili alidakia. "Doa lipo. Bibi amekimwagia chai asubuhi."

Kisha akawapita wote watatu kwa kasi, akawa wa kwanza kuingia darasani.