Aliyewakaribisha Bugolobi

Kaltumi alikuwa jirani yetu kule mtaa wa Namuwongo, na maisha ya chumba kimoja yalikuwa yamemchosha roho. Basi mumewe Hamim, dereva wa malori ya Juba, alipopata fleti Bugolobi, mtaa wa wenye nazo, vyumba vitatu, sebule pana, kodi nafuu, mama wa watu hakuuliza nafuu hiyo imetoka wapi. Rahisi ghali, lakini nani hukumbuka hayo akiwa na furaha?

Walihamia asubuhi, jua likiwaka. Hamim alibaki chini akishusha magodoro. Kaltumi akatangulia juu na binti yao Lailah, mtoto wa miaka mitano. Mlango ulikuwa wazi. Kwa adabu aliyolelewa nayo, akabisha.

"Hodi!"

"Karibu," akajibu mwanamke kutoka chumba cha nyuma.

Akadhani ni mfagizi. Akavua viatu, akaingia. Chumba cha nyuma kilikuwa kitupu. Okidi, mlinzi wa jengo, alipoulizwa alikwepesha macho.

"Mama, huko juu hapana mtu. Mimi mwenyewe nilifungua mlango."

Hamim akaenda zake Juba, na nyumba ikatoa makucha. Wali wa asubuhi ulichacha kabla ya adhuhuri. Kitanda cha Kaltumi alikikuta kimesukumwa hadi mlangoni, kila siku, kama mtu anayefukuzwa. Lailah tu ndiye aliyestareheshwa. Aliingia chumba cha nyuma na nywele timutimu, akatoka amesukwa.

"Nani amekusuka?"

"Mwenye nyumba."

Kaltumi akamwita mama yake, Bi Salme. Akaja mchana na chetezo cha ubani. Alipovuka kizingiti, ubani ukazimika. Bibi akanong'ona.

"Siku mnaingia, ulisema nini?"

"Hodi."

"Ukaitikiwa?"

"Niliambiwa karibu."

"Ole wako, mwanangu! Nyumba tupu hutolewa salamu, haiombwi ruhusa. Sasa yeye ndiye mwenyeji, wewe mgeni wake. Muage, utoke."

Kaltumi alimshika Lailah mkono. Aliogopa, aliogopa mno.

"Tunaaga," akasema.

Mara, sikioni mwake kabisa, sauti ya yule mwanamke:

"Wewe nenda. Mtoto abaki."

Alimbeba mtoto, akashuka ngazi pekupeku, mama yake nyuma. Lango. Barabara. Boda. Hakugeuka. Vyombo, magodoro, viatu, vyote viliachwa huko huko.

Tulimpokea Namuwongo. Jioni alimvua mtoto nguo amwogeshe, akapiga yowe tukajaa uani. Mgongoni mwa Lailah palikuwa na kiganja cha hina, kipana, cha mtu mzima. Asubuhi ile alikuwa amemwogesha mwenyewe, na mgongo ulikuwa safi.

Hina hufifia, kila mwanamke anajua. Hii tuliisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa dodoki, mtoto akilia. Lailah sasa ni msichana mkubwa. Mama yake akimpapasa mgongo, vidole bado hutoka vimelowa hina mbichi, vyekundu.