Darasa la Vitambaa Machoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ngumi alikuwa na kazi tatu: kuloweka fito za henzirani kwenye beseni, kufagia chumba cha mbele, na kupanga vitambaa vyeusi juu ya benchi, kimoja kwa kila mwanafunzi wa mama yake. Mama yake alikuwa fundi wa kusuka viti na vikapu, naye alikuwa haoni. Aliwafundisha watu wanaoona, na sharti lake lilikuwa moja tu: ukiingia darasani, unafungwa kitambaa machoni.

"Macho yenu yana haraka," alizoea kusema. "Hapa tunafundisha vidole."

Ngumi halikuwa jina la kuzaliwa. Alipewa shuleni, na alilitolea jasho. Ukimtania yeye, anacheka. Ukimtania mama yake, unarudi kwenu na jino mkononi.

Mama hakuzaliwa kipofu. Miaka mitatu nyuma alikuwa akiuza vikapu sokoni, jirani na mtengeneza sabuni. Siku moja wapagazi wawili waligombania mzigo. Matusi yakawa makofi, makofi yakawa magongo. Mmoja akamng'ata mwenzake sikio, likakatika nusu. Aliyeng'atwa akapiga ukelele, akainua ndoo ya magadi makali ya sabuni, akairusha. Adui yake akainama. Magadi yote yakamwagika usoni kwa mama, aliyekuwa ameketi tu akimalizia mshikio wa kikapu. Ngumi alikuwa pale. Alimsikia mama yake akilia kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia.

Miezi ya kwanza nyumba haikukalika. Mama alirusha vikombe ukutani. Alishika kisu akavikatakata vikapu vyake vyote, huku akifoka, "Nitoleeni uchafu huu!" Ngumi, wakati huo ana miaka tisa, alijificha chini ya meza mpaka kelele zilipokwisha. Kisha siku moja mama alikanyaga ufito sakafuni. Akauokota, akaukunja, akautafutia mwenzake. Kikapu cha kwanza kilitoka kimepinda kama kofia iliyokaliwa. Cha kumi kilipata mnunuzi. Baada ya mwaka, watu walianza kubisha hodi wakitaka kufundishwa.

Sasa, siku ya mkasa wenyewe, mvulana mmoja darasani kwao shuleni alifumba macho akaanza kutembea akijigonga kwenye madawati, wenzake wakicheka mpaka machozi. Ngumi hakuuliza. Alimrukia, wakaanguka pamoja kati ya viti. Mvulana akatoka damu puani. Ngumi akapasuka mdomo.

"Nenda nyumbani," mwalimu mkuu alimwambia. "Kesho uje na mama yako."

Alitembea hadi nyumbani akimeza damu yake. Alipofungua mlango, wanafunzi watano walikuwa wameketi mkekani, vitambaa machoni. Mmoja alikuwa mgeni kwake, mwanamume mwenye mabega mapana, amekunja miguu kama mtoto. Sikio lake la kushoto lilikuwa nusu.

Ngumi aliona giza. Kwenye benchi palikuwa na msharasi, ile sindano nene yenye mpini, ya kufungulia njia kati ya fito. Aliunyakua.

"Ni wewe!" alipiga kelele, akamchoma nao mkononi, juu kidogo ya kiwiko.

Mtu yule alinguruma. Hakuona aliyempiga wala pigo la pili lingetoka wapi. Alirusha mateke ovyo, na mguu wake ukalipiga jiko. Juu ya jiko palikuwa na sufuria ya maji ya moto ya kulainishia fito nene. Mama alikuwa ameshainuka, anaifuata sauti ya binti yake, mikono ameinyoosha mbele. Maji yakamwagikia mikono yote miwili.

Alilia kilio kile kile cha sokoni. Msharasi ulimdondoka Ngumi mkononi.

Muuguzi wa zahanati aliwafunga bandeji mama na mpagazi yule. "Mikono hii isiguse kitu kwa wiki tatu," alimwambia mama.

"Basi nimepofuka mara ya pili," mama akajibu.

Kesho yake asubuhi mpagazi alisimama mlangoni, mkono umening'inia kwenye kitambaa shingoni.

"Umefuata nini?" Ngumi aliuliza.

"Mwache apite," mama aliita kutoka ndani. "Nilimjua kwa sauti tangu siku ya kwanza, alipopiga hodi. Ametoka jela, akaja kuniomba msamaha. Nikamwambia msamaha sina, kazi ninayo. Aketi ajifunze."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Kwa sababu nakujua ulivyo. Nilikosea, nilipaswa kukuambia."

Zahanati ilikuwa imeagiza viti sita, na fundi hakuwa na mikono. Mpagazi alikuwa na mmoja mzima. Ngumi alikwenda shule na mama yake, akamwomba radhi yule mvulana. Basi tangu hapo, kila alipotoka shule, alifunga kitambaa machoni, akaketi karibu na mtu aliyemchukia kuliko wote duniani. Yeye alishika, mpagazi akavuta.

Mama alikaa kwenye kigoda akifundisha kwa masikio. "Ufito huo umelegea, nausikia unavyokwaruza. Fumua!" Walifumua. "Jamani, nimesema kiti, nyinyi mnanisukia kiota cha kunguru?" Mpagazi alicheka kwanza. Ngumi alijizuia, akashindwa. Jioni moja Ngumi alimwuliza, "Mkono wako unauma bado?"

"Unauma," alijibu mpagazi. "Lakini si kama ninavyoumia nikimtazama mama yako."

Bandeji zilipofunguliwa, ngozi ya mama ilikuwa laini na nyekundu. Alikipapasa kiti cha sita polepole, ukingo hadi ukingo. "Hiki kitamkalisha mgonjwa bila kumchoma," alisema. Mpagazi akavibeba viti vyote kuvipeleka.

Walipobaki wawili, Ngumi aliuliza, "Mama, umemsamehe?"

"Bado. Sijui kama nitaweza," mama alijibu. "Hasira ninayo, nayo ni haki yangu. Lakini sikiliza, mwanangu. Sokoni waligombana wawili, akaumia wa tatu aliyekuwa ameketi na kazi yake. Humu ndani ulimlenga yeye, ukaniunguza mimi. Ukishapiga, pigo si lako tena. Hulichagulii mtu wa kumwangukia. Hasira ikikujia, usiipe chuma. Ipe mikono yako kazi, mpaka akili irudi, ndipo useme kilichokuudhi. Mimi ndivyo nilivyoacha kuvunja vyombo."

Ngumi alisogea karibu naye. Mama aliutafuta uso wake kwa vidole vile vya ngozi mpya, akaufuta machozi, jicho moja kwanza, kisha la pili.