Neno la Mwisho la Corliss

Chupa ya kwanza ilipasuka kabla samaki hawajaiva. Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa mjini Milwaukee kila baa yenye jiko hukaanga samaki, watu wakajipanga hadi nje na makoti yao mazito, mabibi, vibarua wa kiwandani, hata padri. Nani alimruka nani kwenye foleni, hakuna aliyejua. Waliona tu baunsa, Lamont Teague, pande la mtu, akiingia katikati ya ngumi na kuwatoa wanaume watatu, wawili kwa mikono na mmoja kwa kifua, huku damu ikimchuruzika jichoni. Wa tatu, bwana mmoja mwembamba aitwaye Vernon Gaddis, aliinuka kwenye theluji, akatema jino na kumwonyesha kidole.

"Nitarudi, we baunsa. Nakuapia!"

Ambulensi ilifika dakika hiyo hiyo. Akashuka msichana mwenye nywele za rangi ya shaba, suruali ya mifuko mingi na buti kubwa kuliko umri wake. Jina lake Jolanta Pruski, na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni.

"Kaa chini," alimwambia Lamont.

"Niko kazini, dada."

"Na mimi niko wapi, harusini? Kaa."

"Nimechubuka tu."

"Kuchubuka gani ninaona mfupa? Kaa chini, ukuta wewe, ama nipande kiti nikufikie?"

Kwenye mlango wa jiko akatokeza Corliss, mdogo wake Lamont, mpishi wa pale, aproni imejaa unga na koleo la samaki mkononi. "Kaa, kaka!" alicheka. "Tangu mama atutoke hakuna mwanamke aliyekuamrisha. Leo umepatikana!"

Lamont akakaa. Jolanta akamwinamia, akampangusa, akaubana mdomo wa jeraha kwa vidole ambavyo havikuwa na haraka yoyote. Lamont alisahau kwamba kuna baridi.

"Mikono myepesi hiyo. Wewe ni daktari?"

"Bado."

"Bado ndiyo nini?"

"Vyuo vimenikataa mara mbili. Usitikise kichwa."

"Wapumbavu hao. Nipe namba niwapigie."

"Namba yao?"

"Nitaanza na yako. Nikishazoea ndiyo niwapigie wao."

Jolanta alijitahidi asicheke, akashindwa, na namba ikatoka.

Sasa hebu tuseme ukweli kuhusu huyu binti, maana yeye mwenyewe aliuzungukazunguka. Alama zake za chuo kikuu zilikuwa aibu. Hakuuguliwa na mtu wala hakufiwa. Alikunywa bia, akashangilia mpira wa kikapu, akalala mchana, na mitihani ya kemia ikampita kama treni isiyo na kituo kwake. Akili ilimrudia baadaye, kwenye ambulensi, siku alipomzalisha mama mmoja barabarani na kugundua kwamba hataki kazi nyingine yoyote duniani. Tangu hapo alirudia masomo yale yale jioni, akapata alama za juu safari hii. Lakini kule wanakoomba udaktari alama za zamani hazifutwi. Zinahesabiwa pamoja na mpya, kila mwaka, na kila mwaka zilimrudisha nyumbani.

Mapenzi yao yalikua humo humo katikati ya kemia. Lamont alisimama mlangoni mwa baa na kadi za maswali mkononi, simu sikioni, akiyauma maneno asiyoyajua.

"Hiki kimeng'enya kinafanya nini? Jina lake siwezi kulisema, litanivunja meno."

"Lisome herufi moja moja, mpenzi."

"Sisomi. Umekula?"

"Nimekula kitabu."

"Corliss amekuwekea samaki na viazi. Anasema usipokuja anampa paka."

"Mwambie huyo paka nitampiga."

Na Corliss angesikika huko nyuma akipiga kelele: "Shemeji, njoo! Huyu kaka yangu akikuongelea anasahau mlango!"

Gaddis alitimiza kiapo chake mwezi Machi. Alijibanza nyuma ya baa, kwenye mlango wa jiko, akimsubiri Lamont. Aliyetoka na mfuko wa takataka alikuwa Corliss. Katika giza la uchochoro, mabega ya ndugu yanafanana. Gaddis akachoma, akachomoa, akachoma tena, na alipoona amemkosea mtu alichoma mara nyingine kwa hasira.

Ambulensi iliyokuwa karibu ilikuwa ya Jolanta. Alimkuta Corliss ameegemea pipa, aproni nyeupe imekuwa nyekundu hadi magotini, na damu ikifuka mvuke kwenye theluji. Alipiga magoti, akatia ngumi nzima ndani ya jeraha la tumbo na kuukandamiza mshipa mkubwa kwenye uti wa mgongo ili damu isitoke. "Corliss! Niangalie mimi!" Corliss alimwangalia. Halafu akawa haangalii tena, na Jolanta hakuondoa mkono. Polisi wawili walikuwa wamemshika Lamont ndani ya baa, naye akawaburuta wote wawili hadi mlangoni, akauvunja mlango wa kioo kwa ngumi zake na kumwita mdogo wake kwa sauti iliyowatoa majirani madirishani.

Gaddis alikamatwa usiku ule ule. Kiangazi kilipofika, akatolewa kwa dhamana. Hapo ndipo Lamont alipoacha kucheka. Akawa anaegesha gari mbele ya nyumba ya Gaddis na kukaa humo, na Jolanta aliona kipande cha bomba la chuma chini ya kiti.

"Uko wapi, Ukuta?"

"Napunga upepo."

"Rudi nyumbani. Nilimbeba mmoja. Sibebi wa pili, wala siji kukutazama gerezani."

"Kisu kile kilinilenga mimi, Jola. Alikufa badala yangu."

"Rudi, nakuomba."

Alikuwa akirudi, lakini kila siku alichelewa zaidi.

Ndipo chuo kimoja, kimoja tu, kikamwita Jolanta kwenye usaili. Alikuwa na mshauri wa kuwaandaa waombaji, Bi Whitcomb, mama wa lulu shingoni na sauti ya asali, ambaye walizungumza naye kwa video jikoni kwa Jolanta.

"Watakuuliza alama, mwanangu," alisema Bi Whitcomb. "Na alama mbovu bila msiba huitwa uvivu. Zikiwa na msiba huitwa ushujaa. Wewe una msiba gani?"

Jolanta akafikiri. Akamsimulia habari za Corliss.

"Mungu wangu. Hiyo hiyo! Wakiuliza nini kilikubadilisha, unawapa hiyo."

"Lakini nilikuwa nimeshabadilika zamani…"

"Nani atapiga hesabu? Alisema neno lolote kabla hajafa?"

Jolanta alimwona Lamont akilini, ndani ya lile gari, na bomba chini ya kiti. Labda ndiyo maana ulimi ulikwenda ulikokwenda. "Alisema… 'Mwambie kaka asilipize.'"

"Ah! Hapo unanyamaza. Shusha sauti, hesabu moja mbili, ndipo useme. Rudia."

Akarudia. Akarudia tena. Mara ya tatu alinyamaza panapotakiwa, sauti ikatetemeka panapotakiwa, na Bi Whitcomb akapiga makofi. Jolanta aligeuka kuchukua maji, akamwona Lamont kwenye mlango wa jiko na mfuko wa samaki mkononi.

Simu ilizimwa. Mfuko ukapigwa ukutani, viazi vikatapakaa hadi chini ya friji.

"Corliss alisema hivyo?"

Hapo ndipo Jolanta alipotakiwa kusema hapana. Neno dogo tu. Akamwogopa yeye, akaliogopa na lile bomba, akasema, "Ndiyo."

"Miezi yote hii umelala ubavuni mwangu! Unalo neno la mwisho la ndugu yangu, halafu unawapa wageni kwanza? Tena kwa mazoezi! Shusha sauti, pandisha sauti!"

"Lamont, nisikilize…"

"Mdogo wangu amekuwa tiketi yako?"

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu! Unajua nimehangaika kiasi gani?"

"Wewe umehangaika. Yeye amekufa."

Jolanta akarusha kikombe. Kilimpita Lamont sikioni, kikapasuka kwenye fremu ya mlango. Lamont akaipiga teke meza, ikalala ubavu. Walitazamana wakihema kama mabondia, kisha Lamont akafungua mlango kwa utulivu wa kutisha na kwenda zake. Simu zote za Jolanta alizikata. Lakini lile neno aliondoka nalo.

Ijumaa kabla ya usaili, mzee mmoja alipaliwa na mwiba wa samaki pale baa, na ambulensi ya Jolanta ikaitwa. Alimkuta Lamont mlangoni, koti jeusi, ndevu hazijanyolewa. Hawakusalimiana. Mwiba umeshatoka, Jolanta anakunja vifaa vyake, Gaddis akaingia amelewa tilalila.

"Leo samaki anakaanga nani?" aliuliza, akicheka. "Yule mpishi yuko wapi?"

Jolanta alimwona Lamont akianza kutembea, akakimbia kujitia katikati. Gaddis akabeba chupa na kuizungusha bila kutazama. Ilimpata Jolanta juu ya jicho, akaanguka na kiti.

Ngumi ya kwanza ya Lamont ilivunja taya la Gaddis, watu wakasikia mlio. Ya pili ilimrusha juu ya meza, glasi zikavunjika chini yake, na moja ikamchana shingo. Lamont akamkalia kifuani, akainua ngumi ya tatu, na aliyemwona uso wake alijua kwamba hiyo ndiyo ya kuua. Ngumi ikabaki juu.

"Corliss alikataza," alisema. Akaishusha.

"Sogea!" Jolanta alikuwa ameshafika, damu imemjaa jicho moja, akibandika kitambaa shingoni mwa Gaddis. "Mikono yangu inateleza. Lamont! Leta mkono wako. Bana hapa. Ubane, usimnyonge!"

Na Lamont, akilia waziwazi mbele za watu, akaubana mshipa wa muuaji wa ndugu yake hadi msaada ulipofika.

Baadaye, uani mwa hospitali, Lamont alimshika Jolanta uso, upande usiovimba. "Nimekusamehe, Daktari. Bila neno lile, ningeua. Corliss ameniokoa mara mbili."

Jolanta akamkumbatia. Neno la kweli likamkaba kama ule mwiba, naye akalimeza.

Jumatatu aliingia kwenye usaili na suti ya kijivu, nyuzi kwenye nyusi, jicho la zambarau. Walimu watatu wakaangaliana.

"Tuambie kuhusu alama za mwanzo," alisema mmoja wao. "Kulikuwa na tatizo?"

Hadithi ilikuwa tayari kinywani, na kituo chake, na mtetemo wake. Jolanta akahesabu moja, mbili. Kisha akasema, "Tatizo lilikuwa mimi. Nilikuwa mvivu. Nilikunywa, nikalala, nikafeli. Hakuna aliyekufa."

"Na umewahi kupoteza mgonjwa?"

"Ndiyo. Alikuwa na kaka. Bado sijamwambia kaka yake ukweli wote, kwa hiyo ninyi siwezi kuwaambia kwanza."

Kalamu zilisimama. Wakamshukuru kwa kuja.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja nyuma ya baa. Lamont alikuwa kwenye ngazi ya mlango wa jiko, pale pale, jua la saa tisa limempiga usoni. Alitabasamu kumwona amevaa suti.

"Hakusema kitu, Lamont."

"Nani?"

"Corliss. Hakusema neno hata moja. Nilitunga."

Tabasamu liliondoka polepole. Lamont aliinuka, akapiga pipa la chuma kwa ngumi, mara moja, mara nyingi, hadi likabonyea na vifundo vyake vikachanika. Jolanta hakukimbia.

"Unajua nilimwacha hai kwa sababu ya neno hilo?"

"Najua."

"Unajua yuko hospitali, na mlango wa chumba chake naujua?"

"Hilo nalo najua."

"Sasa kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu ukimwacha, umwache wewe mwenyewe. Usimwache kwa uongo wangu."

Lamont aligeukia barabara. Gari lake lilikuwa pale, funguo mfukoni. Damu ikamdondoka kutoka vidoleni, na Jolanta akalia bila kujificha kwa sababu alimpenda na hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

"Aliogopa?" Lamont aliuliza mwishowe, bado amempa mgongo.

"Mwanzoni. Halafu aliniona, akanijua."

"Ulikuwa umemshika?"

"Sikumwachia. Hospitali walinibandua mkono kwa nguvu."

Mabega makubwa yakashuka. Lamont akarudi, akaketi kwenye ngazi kwa uzito wake wote, akanyoosha mkono uliochanika.

"Nifunge."

"Usiutikise." Akatoa bandeji kwenye mkoba wa usaili, maana mtu wa ambulensi haachi bandeji nyumbani.

"Wamekuchukua?"

"Hawajasema. Niliwaambia alama zilikuwa mbaya kwa sababu nilikuwa mvivu."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Lamont akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Gaddis atolewe kwa dhamana, kicheko kibaya chenye makamasi. "Wakikukataa?"

"Nitaomba tena."

"Na mimi nikikukataa?"

Jolanta alifunga fundo la bandeji, akalikaza. "Nitaomba tena."

"Basi anza kuomba, Daktari," alisema Lamont, na mkono wake hakuuondoa.