Taulo Kavu

Kila Jumanne jioni, akishamaliza samaki na njegere zake, Tamsin Hallett alichukua mfuko wake wa kuogelea na kutoka nyumbani. Hakuwa akienda kuogelea.

Ndani ya mfuko mlikuwa na taulo lililokunjwa vizuri, vazi la kuogelea, miwani isiyowahi kuguswa na maji, na chini kabisa penseli na kifutio. Mama aliendesha gari hadi mtaa wa pili, akaliegesha mbali kidogo, na kabla ya kufungua mlango akauliza swali lake la kila wiki.

"Mtu akikuuliza?"

"Nilikuwa kuogelea."

"Haya, mwanangu. Kimbia."

Tamsin alikimbia hadi kwa Bi Wetherall, mwalimu mstaafu. Huko alifundishwa maumbo: safu za pembetatu, duara na mishale, halafu unaulizwa lipi linafuata. Darasani hayakufundishwa, lakini kwenye mtihani yalikuwemo, na mtihani ndio ulioamua. Katika mji ule wa Kent, Uingereza, mtoto aliyefaulu alikwenda sekondari ya waliochaguliwa, ambayo watoto waliiita Kilimani. Asiyefaulu alikwenda sekondari ya kawaida, waliyoiita Relini.

Na hakuna mzazi aliyekiri kwamba mtoto wake anafundishwa pembeni. "Wetu? Aa wapi, ni kichwa chake tu," walisema dukani. Mtu alijinyima likizo, akamlipa mwalimu, kisha akaficha kama kijana anayeficha sigara. Ndiyo maana Jumanne Tamsin aliubeba ule mfuko hata shuleni. Mama alitaka uonekane.

Rafiki yake Ellis Farrow aliuona, na hakuacha kumtania. "Kila Jumanne kuogelea, na ukifika baharini unaishia magotini! Huko wanawafundisha nini, kunawa uso?"

Ellis aliishi na bibi yake, Bibi Doreen, kwenye ghorofa za halmashauri, nyumba za kodi nafuu. Bibi Doreen alikaanga chipsi katika duka la ufukweni na hakupata ruhusa kirahisi, kwa hiyo siku Kilimani ilipofungua milango kwa wageni, mwezi Juni, Ellis alikwenda na Tamsin na mama yake.

Walipita maabara, ukumbi, maktaba. Ellis alitania kila kitu. Kisha wakafika kwenye ngazi kuu, na utani ukamwishia mdomoni.

Toka darini, ghorofa nne juu, ulishuka waya mwembamba, na mwisho wake lilining'inia tufe la shaba kubwa kama boga. Lilikwenda na kurudi polepole bila sauti, kama kitu kinachopumua usingizini. Sakafuni vijiti vya mbao vilisimamishwa kwa duara, na baadhi vilikuwa vimelala. Walipokuwa wakitazama, tufe likagusa kingine. Kikaanguka.

"Nani analisukuma upande?" Ellis akauliza.

"Hakuna," akajibu mwalimu aliyesimama pale. "Linakwenda njia ileile tangu asubuhi."

"Sasa mbona limefikia kijiti kipya?"

"Wewe unaonaje?"

Ellis akalitazama tufe, akatazama vijiti, akatazama viatu vyake. Tamsin aliuona uso wake ukibadilika. Ghafla Ellis akashika reli ya ngazi kwa mikono miwili, kama mtu aliyeogopa kudondoka.

"Ni sakafu," alinong'ona. "Sakafu ndiyo inayozunguka. Na shule nzima. Na sisi!"

"Na dunia yote," mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye bado hajalizoea jambo hilo.

Vinyweleo vilimsimama Tamsin. Mama alisahau simu mkononi. Walisimama pale hadi taa zikaanza kuzimwa.

"Nakuja hapa," Ellis alisema wakishuka kilima. "Hata wakisema kazi yangu ni kufagia chini ya lile tufe, nakuja."

Wiki iliyofuata, siku ya Jumanne, darasa zima lilipewa karatasi moja ya mfano ili watoto waone mtihani unafananaje. Tamsin alimaliza mapema, akachora paka pembeni. Ellis aliacha nusu ya karatasi nyeupe.

Baada ya shule walikaa kwenye ukuta wa ufukweni na chipsi walizopewa na Bibi Doreen. Mfuko wa kuogelea ulikuwa miguuni pa Tamsin.

"Namwambia Bibi asiniandikishe," Ellis alisema. "Ijumaa ndiyo mwisho."

"Asikuandikishe? Kwa nini?"

"Maumbo, Tam. Sioni kitu. We umechora na paka juu yake! Na hujafundishwa na mtu. Basi ni kichwa. Kuna vichwa vya Kilimani na vya Relini, na changu kishajulikana." Alicheka, lakini chipsi ilikuwa imepoa mkononi mwake. "Ila lile tufe... Basi tu."

Tamsin aliutazama mfuko miguuni pake. Alimkumbuka Mama na swali lake la ndani ya gari. Kisha akaukumbuka mkono wa Ellis ulivyoishika reli. Akafungua mfuko, akatoa taulo.

"Gusa."

"Kavu. Ndo nini?"

Akamwonyesha vazi la kuogelea. Lebo ya dukani ilikuwa bado inaning'inia.

"Sijawahi kwenda kuogelea hata siku moja. Nakwenda kwa Bi Wetherall. Tangu mwaka jana ananifundisha maumbo."

Ndege shakwe alitua akachukua chipsi. Ellis hakumfukuza.

"Mwaka mzima nakutania maji, na wewe unanidanganya machoni."

"Ndiyo."

"Na sasa hivi nimejiita mjinga, ukakaa kimya."

"Ndiyo. Nisamehe, Ellis."

Ellis aliruka chini kutoka ukutani, akaenda zake. Hakufika mbali. Alisimama, akageuka, na uso wake ulikuwa uleule wa kwenye ngazi.

"Ngoja. Ina maana yanafundishika?"

"Yanafundishika. Hutazami picha nzima. Unafuata kitu kimoja kimoja: kwanza rangi, halafu pembe, halafu upande umbo linakoelekea."

"Yanafundishika," Ellis alirudia taratibu. "Ni sakafu, Tam. Nilidhani mimi ndiye ninayekwenda kombo, kumbe ni sakafu!"

Jioni, ndani ya gari, Mama akauliza. "Mtu akikuuliza?"

"Ellis hata hakuuliza. Nimemwambia kweli."

Mama aligeuka kwa ukali. "Unajua nafasi ni chache? Unajua baba yako na mimi tumejinyima nini?"

"Najua, Mama. Lakini ulimwona Ellis pale kwenye ngazi. Uliona."

Mama aliushika usukani kwa mikono miwili. Kisha akawasha gari. Tamsin alidhani wanarudi nyumbani, lakini walikata kona kuelekea ghorofa za halmashauri.

Bibi Doreen alifungua mlango akinukia mafuta ya kukaangia. "Kafanya nini tena huyu?"

"Hajafanya kitu," Mama alisema, macho chini. "Nimekuja kumchukua Ellis aende na Tamsin kwa mwalimu. Na tafadhali, Doreen, mwandikishe mtihani."

Bi Wetherall alipowaona watoto wawili mlangoni alisema tu, "Hatimaye," akavuta kiti cha pili.

Mwezi Julai aliomba chumba kwenye maktaba ya mji, akafundisha kila Jumamosi, bure, yeyote aliyekuja. Jumamosi ya kwanza wazazi wa "kichwa chake tu" walikutana mlangoni wakisalimiana huku wakitazama viatu. Na likizo ile Tamsin alikwenda kuogelea kweli, Ellis akimshika mkono hadi maji yakapita magoti.

Mtihani ulifanywa Septemba, na majibu yakatoka Oktoba. Wote wawili walifaulu. Wengine wa chumba cha maktaba walifaulu, wengine hawakufaulu.

Jumapili ile Ellis aliwaita wote, wa Kilimani na wa Relini, kwenye ngazi za ghorofa yao. Alikuwa amefunga mshipi wa kuvulia samaki kwenye reli ya juu kabisa, na chini yake kopo la rangi lililojaa mchanga. Akachora mstari wa chaki sakafuni, akaliachia kopo lifuate mstari.

Watu walikaa kwenye ngazi wakila chipsi. Polepole, bila kuguswa na mtu, kopo likaanza kuuacha mstari. Chipsi zikasimama njiani kuelekea midomoni.

"Mungu wangu," Bibi Doreen alisema. "Na ngazi za halmashauri nazo zinazunguka?"

"Zote, Bibi."

"Basi kwa nini mtoto afaulu mtihani ndipo aonyeshwe?"

Hakuna aliyecheka. Wote wakamgeukia Bi Wetherall.

"Hilo sisi wakubwa bado hatujalijibu, Doreen, na ni aibu yetu," alisema. "Lakini nililoliona mwaka huu nitawaambia, watoto. Tulidai tunapima vichwa, kumbe tulikuwa tunapima pia nani kaambiwa na nani kafichwa. Tamsin hakumpa Ellis akili. Akili alikuwa nayo. Alimpa ukweli, na ulimgharimu kuusema. Ukijua kitu, usimwache mwenzako ajione mjinga kwa sababu tu wewe umenyamaza."

Mama alimvuta Tamsin karibu. Chini yao kopo liliendelea kwenda na kurudi, na mstari wa chaki ulizidi kugeuka, pamoja na ngazi, na mji, na wote waliokuwemo.