Neno Alilotupiwa Ndila Mferejini

Kila asubuhi Ndila aliteka maji kwenye mfereji wa ploti yao ya nyumba za kupanga, mtaani Witeithie. Kisha alimpikia binti yake Mbula uji na kumpeleka shule. Mumewe Makau alitoka mapema kwenda kazi ya mjengo mjini Ruiru.

Siku hiyo wanawake watano walikuwa kwenye foleni. Mmoja wao alikuwa Ngendo, jirani yake. Mtoto mchanga wa Ngendo alikuwa amekohoa wiki nzima.

"Tangu huyu ambebe mtoto wangu, mtoto hajapona!" Ngendo alisema, akimwonyesha Ndila kidole. "Mchawi wewe! Siku moja watu watakufunza!"

Ndila alijua neno kama hilo likienea, watu wanaweza kuja na mawe. Aliingia ndani akajifungia.

Siku mbili hakuteka maji. Mtu akipita dirishani, alishtuka. Mbula akichelewa kidogo kutoka shule, moyo ulimdunda.

"Wacha nimwendee huyo mwanamke," Makau alisema kwa hasira. "Nayajua mambo yake ya siri. Nitayasema hapo nje mpaka ahame!"

"Baba Mbula, tafadhali! Wataniua."

Ndila alimpigia simu Nyawira, mama wa kanisa lao ambaye pia ni mhudumu wa afya mtaani. Nyawira alifika jioni, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama Mbula, una haki ya kuogopa," alisema. "Hilo neno si dogo."

"Lakini si Mkristo anafaa anyamaze tu, asamehe?"

"Kusamehe, ndiyo. Kujificha, hapana. Yesu alitukanwa, hakurudisha matusi. Lakini alipopigwa kofi aliuliza kwa nini anapigwa. Alisema ukweli bila kutukana. Tutaenda kwa Ngendo pamoja, umwambie alivyokuumiza. Na kwa sababu amekutishia, kwanza tumwambie mzee wa nyumba kumi, anayesimamia usalama hapa mtaani. Huko si kulipiza. Ni kulinda maisha yako." Alimgeukia Makau. "Na wewe Baba Mbula, hayo unayoyajua, yaache."

Makau aliinama. "Sawa, mama."

Mzee wa nyumba kumi aliandika jina la Ngendo, akaahidi kuzungumza naye. Kisha Ndila na Nyawira wakabisha mlango wa Ngendo.

"Ngendo, uliniita mchawi mbele ya watu," Ndila alisema polepole. "Sasa naogopa hata kutoka nje. Sijamdhuru mtoto wako. Tafadhali usirudie."

Ngendo alifungua mdomo kugomba, lakini mtoto akakohoa. Nyawira alimfunua kifua.

"Ona, kifua kinabonyea akivuta pumzi. Huyu anahitaji daktari sasa hivi!"

"Ngai! Mungu wangu! Na baba yake hayuko," Ngendo alisema, akaanza kulia.

"Mbebe, twende," Ndila akasema.

Hospitalini walisema ni nimonia. Mtoto alitibiwa, na baada ya siku tano akarudi nyumbani akinyonya vizuri.

Jumamosi, wanawake wakiwa kwenye foleni ya maji, Ngendo alisimama mbele yao.

"Nilimwita Mama Mbula mchawi. Nilisema uongo. Mtoto alikuwa na nimonia, na mimi nilikuwa na hofu. Mama Mbula, nisamehe."

Ndila alimtazama. Woga wake haukuwa umeisha wote.

"Nilishakusamehe," alisema. "Lakini ilibidi uyaseme hapa, ndipo niweze kuishi hapa."